Jeshi Lisilopakwa Rangi

Mimi haya mambo ya wanaume wazima kuchezea askari wa plastiki sikuyapenda tangu mwanzo, na nasema mapema ili mtu asije akadhani nawatetea. Kila Jumapili baada ya misa, wanawake wenzangu wamekaa kibarazani wanasukana, mimi niko jikoni nachemsha chai ya wanaume wanne walioinamia mlango. Ndiyo, mlango. Mume wangu Remigius aliutoa kwenye duka moja lililobomolewa hapa Karatu, akaulaza juu ya madumu mawili kwenye chumba cha nyuma, akaupaka kijani, akapanga mawe na vijiti vya mibuni, akasema hiyo ndiyo nchi. Chumba changu cha kuwekea mahindi kikawa nchi.

Mchezo wenyewe aliuleta Mholanzi mmoja aliyekuwa akichimba visima huku, akapanga chumba kwetu. Kila mchezaji ana jeshi lake, na kila askari ana urefu wa kidole gumba. Wanasogezwa kwa kupimwa na futi ya fundi cherehani, wanapigana kwa kurusha dadu, na anayekufa analazwa pembeni. Mholanzi alipoondoka alimwachia Remigius maboksi yote, na baadaye Simon, ambaye ni dereva wa watalii, akawa anaagiza askari wengine kupitia wageni wake. Askari wanakuja wa kijivu, hawana macho wala mdomo. Kuwapaka rangi ni kazi yako mwenyewe, na hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Remigius ni mchora mabango. Kama uliwahi kupita Karatu kwenda Ngorongoro ukaona gari la watalii lenye chui kwenye kava la tairi la spea, chui anayekutazama mpaka unajiuliza umemkosea nini, basi huyo chui ni wa mume wangu. Majina ya saluni, ya bucha, ya maduka ya dawa, Bikira Maria aliyeko ukutani kule kigangoni, wote ni mkono wake. Alikuwa anavuta mstari kutoka mlango wa mbele wa gari mpaka wa nyuma bila rula, na vijana wa gereji wanaacha spana chini kumtazama. Mimi nilikuwa nauza maandazi kwenye gereji hiyo. Nilimpendea mstari ule, sioni sababu ya kuficha.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwekea askari wa kijivu mezani ni kama umemtukana. Akaweka sheria: askari asiyepakwa rangi hakanyagi mlango wake. Tena apakwe na mkono wa mwenyewe, hakuna kumpa mtu akupakie.

Aliyekataa ni Inosenti. Huyu ni jirani yetu, ana kahawa yake kidogo kule njia ya Oldeani, na mkono wake umezoea jembe na mkasi wa kupogolea, basi.

"Ng'ombe wangu wa kulimia sijampaka rangi yoyote," alisema, "na analima. Askari kazi yake kupigana, fundi. Nimekuja kucheza, sikuja kumremba bibi harusi."

"Huyo uliyemleta hujamwangalia hata mara moja," Remigius akamjibu. "Mtu ambaye hujamwangalia, akifa utajuaje kwamba ni yeye?"

Lesiamon akaingilia. Lesiamon ni Mmasai wa Nainokanoka, analeta ng'ombe mnadani Karatu na akija analala kwa dada yake aliyeolewa hapa. Akasema zamani kwao ngao ilichorwa, na mtu aliyeiona kwa mbali alijua mwenye ngao ni wa wapi na wa rika gani. Kulikuwa na alama ambayo hukuichora mpaka wenzako wakubali kwamba umeistahili.

"Ngao tupu ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya mtu mwenye haraka," Inosenti akasema.

Walicheka, ila Remigius hakucheka. Inosenti akatolewa mezani.

Alikaa nje Jumapili kadhaa. Anakuja, anakunywa chai yangu, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama wenzake wakicheza huku amenuna. Nikamwambia mume wangu, "Baba Martha, huoni haya? Mtu mzima unamnyima mwenzako mchezo kwa ajili ya rangi?" Akaniambia, "Apake. Hata vibaya. Ubaya si kosa, kosa ni kutopaka."

Siku moja Inosenti akaja na askari wake kwenye kikapu, amewapaka. Mungu anisamehe. Macho yamewatoka kama ya vyura, mmoja mdomo uko shingoni, mwingine kofia imemmwagikia mpaka mabegani. Simon alitoka nje ili acheke vizuri. Remigius aliwachukua mmoja mmoja, akawageuza mbele na nyuma, akasema, "Safi. Kaa." Toka siku hiyo Inosenti hakukosa Jumapili hata moja, na kila akija ni lazima anionyeshe mimi kwanza jikoni, na mimi nasema wamependeza. Ningesemaje?

Sheria ya pili ilikuwa ya Lesiamon, na hiyo ndiyo iliyokuja kutumaliza. Alisema si haki jeshi lilelile kupigana mwaka nenda mwaka rudi. "Kwetu mtu hakai kwenye umorani mpaka aote mvi," alisema. "Rika linatoka, lingine linaingia." Wakakubaliana kwamba kila masika yakiisha, majeshi yote yanastaafu. Yanapandishwa kwenye rafu sebuleni kwangu, yanaitwa wazee, na hayarudi mezani tena. Kila mtu anakuja na jeshi jipya alilolipaka mwenyewe.

Remigius aliipenda sheria hiyo kuliko hata aliyeileta, maana ilimpa sababu ya kupaka kila mwaka. Hakuna kati yao aliyefikiria kwamba itakuja siku mtu ana hamu ya kucheza na hana mkono wa kupaka. Na mimi nisijifanye nilijua. Mimi nilikuwa nawapangusa vumbi hao wazee kila Jumamosi nikiwasema kimoyomoyo kwa kunijazia sebule.

Ugonjwa ulianza na kikombe. Chai ilikuwa inabaki kwenye sosa. Nikadhani uchovu. Kazi zenyewe zilikuwa zimepungua, kwani siku hizi chui anachapwa Arusha kwenye stika, anabandikwa mara moja, na wenye magari wanapenda hivyo. Kwa hiyo hakuna aliyeona mapema, hata yeye mwenyewe. Kisha akapata kazi ya kuandika jina la duka la pembejeo. Akarudi mapema na makopo yake. Kesho yake nilienda kununua mbolea pale, nikainua macho nikaiona ile herufi ya kwanza, imepindapinda. Niligeuka nikarudi nyumbani bila mbolea.

Binti yetu Martha ameolewa Wasso, na kwa kutupigia simu alitusukuma mpaka tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mtu mstaarabu, alitueleza taratibu. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, dawa zitapunguza kutetemeka ila haziwezi kuuondoa ugonjwa wenyewe. Remigius alimuuliza swali moja tu, kama ataweza kupaka rangi. Daktari akautazama ule mkono, akasema, "Mzee, mambo makubwamakubwa utaweza."

Tulikuwa tumekaribia nyumbani ndipo mume wangu akafungua mdomo. "Kupaka ukuta," akasema. "Anamaanisha kupaka ukuta."

Akaacha mabango. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema kazi ni kazi, kila mtu huwa anaacha. Tuna shamba, tuna kuku, Martha hatusahau. Lakini Jumapili ilibaki. Jumapili alioga mapema, akavaa shati lake la kola, akapanga mawe yake juu ya mlango. Mkono unaotetemeka unarusha dadu vizuri tu, Simon alikuwa anamtania kwamba yeye ndiye anayezichanganya kihalali kuliko wote. Mezani pale alikuwa bado ni Remigius niliyemjua. Alibishana, alicheka, aliwaita wenzake waoga. Akiondoka mezani alikuwa anakaa kwenye kochi na kuangalia miguu yake. Sasa masika yalikuwa yanaisha, na jeshi lake lilikuwa linakwenda kupanda kwenye rafu.

Alianza kulipaka jeshi jipya mapema, mvua bado zinanyesha. Alijiwekea kiti na stuli kwenye baraza ya nyuma. Kwanza alishika brashi kama siku zote. Halafu akaegemeza kiwiko kwenye gunia la mahindi. Halafu akajifunga mkono kwenye stuli kwa mpira wa baiskeli. Siku nyingine nikatoka kumwaga maji nikamkuta ameishika brashi kwa meno, shingo imekaza, mate yanamchuruzika kidevuni. Nilirudi ndani na beseni langu la maji bila kuyamwaga.

Jikoni nilichokuwa nasikia ni mti wa brashi unagonga ukingo wa kopo, tik tik tik tik, asubuhi nzima. Kisha kimya. Kisha harufu ya thina, maana anafuta. Askari yuleyule alipakwa na kufutwa, akapakwa na kufutwa, mpaka plastiki ikaanza kuyeyuka usoni.

"Nipe mimi nikupakie," nilimwambia.

"Sheria."

"Sheria uliiweka wewe. Ivunje wewe."

"Nikiivunja kwa ajili yangu, Inosenti alikaa kwenye ndoo kwa sababu gani?"

Hasira ilinipanda, nasema kweli. Kichwa kigumu namna hii sijui walikitoa wapi. Nikamwambia basi apake vibaya, si yeye aliyesema ubaya si kosa? Apake macho ya chura, apake mdomo shingoni, nani atamcheka?

"Leonida," akasema, na jina langu hulitumia akiwa ameumia tu, "nikijaribu kupaka vizuri mkono unakataa. Nikisema nipake vibaya, naangalia, halafu nachukua thina. Siwezi kumwacha hivyo. Nimejaribu."

Nikaenda kukaa jikoni. Nilimenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika.

Siku ya mnada nikamtafuta Lesiamon katikati ya ng'ombe, nikamwomba wale wazee washuke kwenye rafu, mwaka huu tu, sheria yake ilegezwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo.

"Shemeji, mimi ningekubali leo hii," akasema. "Huu ni mchezo. Nilishamwambia mwenyewe. Akaniambia wazee wakishuka kwa sababu ya ugonjwa, basi tutakuwa tunacheza na ugonjwa, siyo na yeye. Sasa mtu akikwambia hivyo unamjibu nini?"





Tukasimama pale. Mtu mrefu vile, akisema bei mnadani watu wanageuka, na hana la kufanya. Nilirudi nyumbani mikono mitupu kama nilivyokwenda.

Ikafika Jumapili ya majeshi mapya. Remigius alikuwa amewapandisha wazee wake kwenye rafu tangu jana yake, na mimi ndiye niliyewapanga, kwa sababu yeye aliwaangusha. Alioga, akavaa lile shati. Wenzake walipofika hawakumkuta mezani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo. "Chezeni," aliwaambia, "mimi leo naangalia." Alijitahidi kuisema kama jambo dogo.

Simon akafungua boksi lake. Askari wa kijivu watupu. "Msimu umeanza fundi, wageni hawaniachii nafasi," akasema. "Sikugusa hata brashi." Lesiamon akafungua kitambaa chake, wa kijivu. Alisema ng'ombe walimshika. Inosenti naye akamwaga wa kwake juu ya mlango, wa kijivu, akasema kahawa, kahawa imemshika kweli mwaka huu. Simon akapiga makofi akasema basi mwaka huu wote ni wavivu, sheria ipumzike, fundi lete na wako wa kijivu tuanze.

Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Nilielewa mara moja kwamba walikula njama, na niliwapenda, jamani, niliwapenda wote watatu palepale walipokuwa. Nikaomba kimoyomoyo mume wangu ajitie hamnazo, ainuke, acheze.

Remigius aliwatazama wale askari muda mrefu. Kweli walikuwa wanatia huruma, nchi yake ya kijani imejaa watu wasio na nyuso.

"Wote mmekosa nafasi," akasema.

"Wote," Simon akajibu.

"Mwaka huohuo mmoja."

Remigius akasema, "Inosenti, nionyeshe mikono."

Inosenti akaificha makwapani. Mtu mzima, ana wajukuu, anaficha mikono. Ilipotoka, kucha zote zilikuwa na bluu.

"Umepaka."

"Nimepaka, fundi."

"Wako wapi?"

"Nje. Kwenye pikipiki."

"Kawalete."

Inosenti akamtazama Simon, Simon akatazama sakafu. "Tulitaka tu wote tuwe sawa," Simon akasema kwa sauti ya chini.

"Sawa na nani?" Remigius akauliza.

Inosenti akarudi na kikapu. Alikuwa amewafunga mmoja mmoja kwenye majani ya mgomba ili wasikwaruzane. Akawapanga safu mbele ya mume wangu, na mikono yake, ambayo inashika jembe siku nzima, iliwashika taratibu sana. Makoti ya bluu. Macho ni yaleyale. Lakini safari hii aliwawekea na vifungo, vidoti vya njano, vingine viko kifuani na vingine viko tumboni, na kila askari alikuwa na idadi yake.

Remigius akainuka kwenye ndoo akaja mezani. Akamchukua mmoja, akamleta karibu na uso. Askari akawa anatetemeka naye. Mume wangu akasema, na sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu siku aliyokuja kwetu kuposa:

"Inosenti. Nifundishe kupaka vibaya."

Inosenti alitabasamu kwanza, akidhani anataniwa. Akasubiri wenzake wacheke. Walipokosa kucheka akamtazama Remigius vizuri, na tabasamu likaondoka.

"Vibaya?"

"Kama hivi. Unafanyaje mpaka unaridhika? Unafikaje mahali ukasema basi, ukaweka brashi chini? Mimi siwezi, ndugu yangu. Nakuomba unionyeshe."

Hakuwa na dharau hata chembe. Naapa hakuwa nayo. Alikuwa anaomba, kama mtu anavyoomba maji.

"Fundi," Inosenti akasema, "mimi sijawahi kupaka vibaya."

Akaigusa ile safu kwa kidole.

"Naamka alfajiri kabla ya kwenda shambani. Mke wangu ananishikia tochi. Hao hapo ndio mwisho wa uwezo wangu. Mwaka ule uliniambia safi." Akamtazama mume wangu. "Nilijua ni safi."

Simon, aliyewahi kutoka nje kucheka, aligeukia dirishani. Mimi nilikumbuka jikoni kwangu, mara zote nilizosema wamependeza.

"Ni safi," Remigius akasema haraka. "Ni safi, Inosenti. Sikumaanisha—"

"Usiseme tena sasa."

Inosenti akaanza kuwakusanya. Remigius akanyoosha mkono amrudishe yule aliyemshika, amsimamishe kwenye safu, na mkono ukampiga wa kwanza, wa kwanza akamwangusha wa pili, safu nzima ikalala. Akajaribu kuwainua. Kila akimsimamisha mmoja anaangusha wawili. Alikuwa anasema pole, pole, na mkono unazidi, na bluu ilikuwa bado haijakauka sawasawa, ikaanza kumbaki vidoleni. Hakuna aliyesogea. Lesiamon alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo Inosenti akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza juu ya mlango mpaka ukatulia.

"Acha, fundi," akamwambia. "Utawaharibu."

Mume wangu akaacha. Machozi yalimtoka hapohapo, mbele ya watu, hakujifuta, mkono wake bado uko chini ya mikono ya Inosenti, na Inosenti naye alikuwa analia. Nilibaki nimesimama na lile sinia, chai inapoa, sijui nimpe nani kwanza.